Shahada Isiyoshika Spana

Wapo wasemao kwamba anayesomea shahada ya uhandisi wa mitambo hana haja ya kuchafua mikono. Hiyo, wanadai, ni kazi ya fundi. Nasema kauli hiyo ni sumu.

Tazama bolti. Ikikazwa hurefuka kidogo mno, mithili ya springi, na nguvu yake ya kutaka kurudi ndiyo ibanayo vipande. Robert Hooke aliichapisha kanuni hiyo mwaka 1678, na kila mwanafunzi huiandika katika mtihani. Lakini ikikazwa kupita kiasi hairudi tena. Hulegea kabla ya kukatika, na kulegea huko hutambuliwa na kiganja. Nilimpa spana kijana wa mwaka wa tatu. Akakata bolti ya pampu yetu, kisha akanieleza kwa ufasaha kwa nini imekatika!

Simlaumu. Alipelekwa kiwandani kwa mafunzo ya vitendo, akapangwa kubeba mafaili, mradi fomu yake ipigwe mhuri. Nami sijitoi. Nilipokuwa mkuu wa shule niliwapeleka watoro karakana, iwe adhabu. Hivyo nilifundisha, bila kutamka, kwamba kazi ya mikono ni ya walioshindwa.

Basi natubu, na napendekeza: asihitimu mtu shahada hiyo kabla hajafungua injini moja, akaifunga kwa mikono yake, ikawaka. Mhuri hauwashi injini.