Mpaka Aje Mgeni?

Juni iliyopita nilitembelewa na rafiki yangu kutoka Dar es Salaam, mwandishi chipukizi kama mimi na wewe. Kashuka basi asubuhi kajikunyata ndani ya shati jepesi, meno yanagongana. Nilimcheka. Sumbawanga tuko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na Juni si mwezi wa kuja Ufipa na shati la Kariakoo. Hata chai hajamaliza, akaniuliza lile swali ambalo kila mgeni huuliza: "Eti bwana, ni kweli huku kwenu radi hupiga mchana kweupe, watu wanatumiana?" Nikajibu kama tunavyojibu wote. Nikamwambia hata jina la mji maana yake ni "tupa uchawi", kwa hiyo kama kaja na wake autupe pale pale stendi. Tukacheka.

Ndugu msomaji, kufikia jioni nilikuwa nimegundua kwamba mzaha ule ndio kitu pekee nilichokuwa nacho cha kumpa.

Maana mshikaji hakutaka kuona lami. Lami anayo kwao. Alitaka mitaa ya zamani. Basi tukatembea kutwa: soko la Mazwi, kwenye maharage na ulezi na dagaa wa Ziwa Tanganyika, kisha Majengo, kisha Izia, tunapita vichochoro ambavyo mimi nimevipita tangu nikiwa mtoto wa kutumwa chumvi. Yeye kila baada ya hatua kumi anasimama. Nyumba hii ya udongo ilijengwa na nani? Mbona kuta zake nene hivi? Kabla ya bomba watu walichota maji wapi? Mtaa huu uliitwaje kabla ya jina hili? Nilijibu swali moja kwa uhakika. Mawili nilidanganya. Yaliyobaki nikajifanya napigiwa simu.

Mwisho tukamkuta mzee mmoja amekaa barazani anatengeneza kigoda. Tukamwamkia, tukamuuliza. Mzee akaeleza kama mtu aliyekuwa anangoja. Nyumba ile ilijengwa kabla ya uhuru. Udongo wake ulichimbwa kwenye kichuguu, kwa sababu udongo wa mchwa ukikauka haupasuki ovyo. Majirani waliukanyaga pamoja kwa miguu, na mwenye nyumba akapika pombe ya ulezi. Paa lilikuwa la nyasi, baadaye madebe yaliyofumuliwa, baadaye bati. Mgeni wangu anaandika mbio mbio. Mimi sina hata kalamu. Mzee akanigeukia: "Na wewe mjukuu wangu, si ni mtoto wa hapa hapa? Mbona unauliza leo, kwa kuwa una mgeni?"

Nilikosa jibu. Ndiyo sababu ninaandika makala haya, na ninayaelekeza kwenu, vijana wenzangu mnaojiita waandishi wa mkoa huu. Sisi ndio watalii! Mtalii ni mtu anayepita mahali bila kujua kilichomo. Tofauti yetu na yule wa Dar ni moja tu: yeye aliuliza.

Tazameni hadithi tunazosomeana kijiweni. Msichana kateremka Ubungo na kisanduku, kapokewa na tapeli. Kijana wa Manzese kampenda binti wa Masaki. Mimi mwenyewe nimeandika hadithi ya Manzese, kurasa kumi na nne, kabla sijakanyaga Manzese. Bahari niliichukua kwenye televisheni. Na pale tunapoiandika Sumbawanga, tunaandika nini? Ungo unaruka usiku! Tunamuuzia mgeni mzaha wake mwenyewe, kisha tunalalamika kwamba nchi nzima inatudharau.

Wapo watakaoniambia, "Bwana, habari za Majengo ya Sumbawanga nani atasoma?" Hebu tujiulize. Euphrase Kezilahabi alipotoa Rosa Mistika mwaka 1971, nani alikuwa amemwomba habari za Ukerewe, kisiwa ndani ya ziwa? Shafi Adam Shafi alipotoa Kuli mwaka 1979 aliandika juu ya wabeba mizigo wa bandari ya Unguja, watu ambao hakuna mtalii aliyewapiga picha. Na mbali zaidi, Beijing. Mji ule una vichochoro vya kale viitwavyo hutong, na vingi vilibomolewa, hasa miaka ya kuelekea Michezo ya Olimpiki ya 2008. Vilivyosalia, watalii huzungushwa ndani yake kwa riksho. Lakini Lao She, mzaliwa wa mji huo huo, aliandika riwaya ya mvuta riksho katika miaka ya 1930, zamani sana kabla ya matingatinga hayo. Leo anayetaka kujua mtu wa vichochoro vile alikula nini na aliogopa nini, anasoma. Alichokiandika Lao She hakijabomolewa na mtu.

Wapo na wengine, hasa wageni, watakaosema dawa ni kuzuia nyumba za zamani zisibomolewe. La hasha! Hapo nawakatalia. Bibi yangu alikuwa na nyumba ya udongo Majengo, na kila masika alihamisha kitanda mara tatu kukimbia matone. Siku alipopata bati alicheka hadi akakaa chini. Kadhalika barabara ya Tunduma: kabla ya lami kufika katika miaka ya 2010, kwa fedha za MCC ya Marekani, safari ya Mbeya ilikuwa ya kutwa nzima, na masika uliweza kulala njiani na mgonjwa wako. Hakuna mwenye haki ya kumwambia mtu abaki kwenye matope ili sisi tupate mandhari ya kuandika. Nyumba ya udongo ni nzuri kwa anayeipiga picha na kuondoka. Mji ubadilike. Ninachogomba mimi ni kwamba unabadilika na sisi tumekaa kimya, eti tunangoja kupata mada!

Tunangoja mpaka aje mgeni. Mathalan, historia ya Ufipa inayotajwa sana vyuoni ni ya Mwingereza, Roy Willis, aliyekuja kufanya utafiti huku miaka ya 1960 na kutoa kitabu mwaka 1981. Simlaumu, alifanya kazi. Kutoka kwake ndipo nilipoijua vizuri hadithi ya Milansi, jina ambalo leo ni la kata katika manispaa yetu. Kwamba wanawake wageni, Watwaci, walifika kwa mfalme wa Milansi naye yuko mawindoni, na aliporudi alikuta kiti chake kimekaliwa. Hadithi hiyo ilikuwa midomoni mwa wazee wa hapa. Mimi imenibidi niipate kupitia Uingereza. Na sisi tuko mawindoni, Manzese, huku kiti kinakaliwa!

Sasa nieleze kilichonichoma hasa. Bibi alifariki, nyumba ikauzwa, ikavunjwa. Leo pale pana fremu tano za maduka. Mlangoni kwake kulikuwa na kitu kizito cheusi, kama jiwe lililoyeyuka likaganda, alichokitumia kuzuia mlango usijifunge. Tulikichezea utotoni. Siku moja alisema ni cha wazee wake, nami nikakimbilia mpira. Miaka baadaye nikasoma kazi za Bertram Mapunda, Mtanzania mwenzetu, juu ya ufuaji wa chuma huku Ufipa: malungu, tanuri ndefu za udongo zinazompita mtu kimo, zilizovuta hewa zenyewe bila mivukuto, na vintengwe vidogo vya kusafishia chuma mara ya pili. Ndipo nikaelewa kwamba kile kizuizi cha mlango yaelekea kilikuwa mavi ya chuma. Huenda ukoo wetu ulikuwa wa wafua chuma. Huenda sivyo. Wa kuniambia hayupo, na kile kipande kilizolewa na kifusi. Hakuna mwekezaji aliyeninyima habari ile, wala serikali, wala mzungu. Nilikaa na bibi jikoni miaka kumi na miwili nisimuulize, na wakati huo huo nilikuwa najiita mwandishi.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sawa, mgeni alikuja. Lakini alikaa siku tatu akapanda basi, na daftari lake limejaa mtaa wangu. Akiandika yeye, tutasema kakosea. Tutakuwa na haki gani?

Kwa hiyo, wenzangu, tuache ubabaishaji. Kila mmoja achukue mtaa mmoja, nyumba moja. Muulize aliyemo: nani aliijenga, udongo ulitoka wapi, nani alilala chumba cha nyuma, nani alifukuzwa na kwa nini. Usimuulize uchawi, akitaka atakwambia mwenyewe. Ukishayapata ndipo utunge, hata uongo wako utakuwa na miguu. Ya Manzese tuwaachie wa Manzese, nao wanayo mengi.

Mimi nimerudi kwa yule mzee, safari hii peke yangu na kalamu. Aliniangalia akauliza, "Mgeni wako yuko wapi?" Nikamwambia kaondoka, leo nimekuja mwenyewe. Akasogeza kigoda. Nitaleta aliyonieleza toleo lijalo. Ya kwenu yako wapi?