Dawa ya Mafua Isiuzwe Bila Maswali

Ni wachache wanaopanga foleni hospitali kwa sababu ya mafua. Mgonjwa huenda duka la dawa la mtaani, huomba "ya mafua", hulipa, huondoka. Kwenye kidonge kimoja alichopewa mara nyingi mna dawa mbili au tatu: ya kuzuia mzio, kama klofeniramini ambayo wengi wanaijua kwa jina la Piriton, ya kuzibua pua, kama fenilefrini au sudoefedrini, na paracetamol ya homa na maumivu. Je, mchanganyiko huo ni salama kiasi cha kuuzwa bila cheti cha daktari?

Tuanze na haki yake. Kwa mtu mzima mwenye afya njema, anayefuata dozi kwa siku chache, hatari ni ndogo. Mapitio ya tafiti ya Cochrane ya mwaka 2012 yalionyesha kuwa watu wazima na watoto wakubwa hupata nafuu kiasi kwa dawa za aina hii. Isitoshe, dereva wa bodaboda au mama lishe hawezi kupoteza siku nzima ya kazi akitafuta cheti kwa ajili ya ugonjwa ambao kwa kawaida huisha wenyewe ndani ya siku saba hadi kumi. Kuzipiga marufuku kungemwumiza mnyonge bila sababu ya kutosha.

Lakini ipo imani inayopotosha: kwamba kwa kuwa dawa moja huleta usingizi na nyingine huchangamsha, basi zinafutana na mtumiaji hubaki salama. Mwili hauna hesabu ya namna hiyo. Klofeniramini hupenya hadi kwenye ubongo, ikaleta usingizi na kupunguza wepesi wa kuamua. Dawa ya kuzibua pua hufanya kazi kwa kubana mishipa ya damu puani. Ikimezwa, inaweza kubana na mishipa ya kwingineko, presha ikapanda. Kwa hiyo mtu anaweza kusinzia kwenye usukani huku moyo ukimdunda, na usiku akakosa usingizi. Akiongeza pombe, kusinzia huzidi.

Tena, zipo sehemu za mwili ambazo dawa hizi mbili husukuma upande mmoja. Mfano wa wazi ni kibofu. Ya kuzibua pua hubana shingo ya kibofu, na klofeniramini hudhoofisha msuli unaosukuma mkojo. Mzee mwenye tezi dume iliyovimba anaweza kumeza vidonge vya mafua jioni, na kufikia asubuhi mkojo ukawa umeziba kabisa.

Kundi linalonitia wasiwasi zaidi ni wenye shinikizo la damu, kwa kuwa wengi wao hawajui kama wanalo. Mapema mwaka 2024, Shirika la Dawa la Ulaya lilihitimisha kuwa sudoefedrini isitumiwe na mtu mwenye presha kali au isiyodhibitiwa, wala mwenye ugonjwa mkali wa figo, kwa sababu ya matukio machache lakini mazito ya mishipa ya damu ya ubongo kubana. Tukumbuke pia kuwa mwaka 2000 Marekani ilianza kuiondoa sokoni dawa nyingine ya kuzibua pua, fenilipropanolamini, baada ya utafiti kuihusisha na kiharusi cha kuvuja damu kwa wanawake.

Kwa watoto hoja ni nyepesi zaidi kuiamua. Mapitio yale yale ya Cochrane hayakupata ushahidi wa faida kwa watoto wadogo, na Uingereza tangu mwaka 2009 inaelekeza mchanganyiko wa aina hii usitolewe kwa mtoto wa chini ya miaka sita. Pasipo faida, hata hatari ndogo haina utetezi.

Kuna na suala la pesa ya mnunuzi. Septemba 2023, jopo la washauri wa FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, lilikubaliana kwa kura 16 bila hata moja ya kupinga kuwa fenilefrini ya kumeza, kwa dozi inayouzwa, haizibui pua. Novemba 2024 FDA ilipendekeza iondolewe kwenye dawa za kumeza zinazouzwa bila cheti. Anayenunua mchanganyiko wenye fenilefrini, basi, huenda analipia kiungo kisichomsaidia.

Suluhisho halihitaji sheria mpya. Tanzania ilianzisha Maduka ya Dawa Muhimu mwaka 2003, kuanzia Ruvuma, kwa lengo la kuwa na wauzaji waliopata mafunzo. Muuzaji wa namna hiyo anaweza kuuliza maswali machache kabla ya kupokea pesa: Dawa ni ya nani, na ana umri gani? Ana presha, ugonjwa wa moyo, figo, tezi dume au ujauzito? Anatumia dawa gani nyingine? Swali la mwisho humnusuru pia anayemeza paracetamol pembeni bila kujua kuwa imo tayari kwenye kidonge cha mafua, akazidisha dozi na kuumiza ini. Nazo mamlaka za dawa zisimamie maonyo kuhusu hatari hizi yaandikwe kwenye pakiti kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka.

Mnunuzi naye asingoje kuulizwa. Taja dalili inayokusumbua, uombe dawa ya dalili hiyo peke yake. Kama ni mzio, setirizini au loratadini hulewesha kidogo kuliko klofeniramini. Kama ni pua iliyoziba, jaribu kwanza matone ya maji ya chumvi. Na kama una presha, au hujapima siku nyingi, sema hivyo kabla hujataja mafua.