Kinachokatwa si takataka



Katika kalasi ya sita tulibishana sana juu ya introni. Mwenzetu mmoja aliandika katika kaye yake: «Introni ni takataka ya ADN.» Wengi tulicheka, tukanakili. Leo ninasema: tufute ile sentensi.

Tuanze na mambo yenyewe. Kwa viumbe wenye kiini katika seli, kama mtu na muhogo, jeni nyingi ziko vipande vipande. Egzoni zinabeba maagizo ya kujenga proteini. Katikati yao kunakaa introni. Seli inanakili yote katika ARN, kiisha inakata introni na kuunga egzoni. Richard Roberts na Phillip Sharp, pamoja na wenzao, walivumbua jambo hili huko Marekani mwaka 1977. Wote wawili walipata zawadi ya Nobel mwaka 1993.

Sasa tutazame jeni ya beta-globini, ile ya damu. Iko na egzoni tatu na introni mbili. Ugonjwa wa SS, ambao sisi wote tunaujua, unatoka kwa herufi moja iliyobadilika katika egzoni ya kwanza. Wengi wanaishia hapo. Lakini talasemia, ugonjwa mwingine wa damu, iko na namna moja inayoonekana sana kule Kipro: herufi ya 110 ya introni ya kwanza, G, imegeuka A. Basi seli inadanganyika, inakata pahali pabaya, na herufi 19 za introni zinabaki katika ujumbe. Mtoto aliyerithi kosa hili kwa baba na kwa mama anapungukiwa damu sana. Namna gani tutamwambia mama yake kwamba kosa liko katika takataka?

Tena, egzoni zinaweza kuungwa kwa namna mbalimbali, na jeni moja ikatoa proteini zaidi ya moja.

Wengine, juu ya imani, wanasema kila herufi iko na kazi yake. Hata hilo tusiliandike haraka, sababu herufi nyingi za introni zinabadilika bila kumdhuru mtu. Kumheshimu Muumba ni pia kutosema zaidi ya tulichokiona.

Basi tuandike hivi: «Introni inakatwa, lakini inapaswa kukatwa pahali pake.» Sentensi fupi, na ya kweli.