"Umeteguka tu": neno dogo linalotuharibia mikono

Wadau, leo nina ugomvi na neno lenye herufi mbili. Neno lenyewe ni TU.

Wakati wa masika nilianguka na bodaboda. Nikajikinga kwa kiganja cha mkono wa kulia, huu huu ninaoandikia. Hospitali niliyokimbilia (jina naliacha) wakanipiga eksirei. Daktari akaiangalia kwa sekunde kama tano hivi, akasema: "Hongera kijana, hakuna mfupa uliovunjika. Umeteguka tu." Nikapewa bandeji na vidonge vya maumivu, nikaenda zangu. Mkono wangu hakuugusa. Narudia, HAKUUGUSA.

Miezi minne baadaye nikawa siwezi kuzungusha ufunguo mlangoni wala kumimina chai kutoka kwenye chupa. Nikigeuza kiganja, kifundo kinalia "kwa!" Shangazi akasema nikachuliwe. Nikachuliwa. Nikalia kama mtoto.

Sasa tuambizane ukweli. Kifundo cha mkono si bawaba ya mlango. Kina vijifupa 8 vilivyofungwa pamoja kwa kano, na upande wa kidole cha mwisho kuna pedi ya gegedu yenye umbo la pembetatu, inayobeba uzito na kuishikilia mifupa miwili ya mkono tunapogeuza kiganja. Eksirei inaonyesha mifupa. Gegedu haioni. Kano nayo haioni. Labda ikibahatika itaonyesha pengo kati ya vijifupa. Kumwambia mtu aende nyumbani kwa sababu "eksirei iko safi" ni sawa na fundi umeme anayetazama rangi ya ukuta halafu anasema nyaya ni nzima!

Wala hii si sayansi ya jana. Kenji Takagi wa Tokyo alichungulia ndani ya goti la maiti kwa mrija wenye lenzi mwaka 1918. Mwaka 1979 Yung-Cheng Chen akaandika kuhusu kuchungulia kifundo cha mkono na vidole kwa njia hiyo. Leo kamera yenyewe ina unene wa milimita 2 au 3 hivi. Mkono unaning'inizwa kwa vidole ili kiungo kifunguke, vinatobolewa vitundu vidogo mgongoni mwa kifundo, na daktari anauona mchaniko kwa macho yake na kuupima kwa kindoano.

Kwa nini kuchelewa ni hatari? Gegedu hilo hupata damu pembeni tu. Likichanika pembeni linaweza kushonwa na kupona. Likichanika katikati, ambako damu karibu haifiki, kwa kawaida daktari husafisha kingo tu. Na kano inayounganisha vijifupa vinavyoitwa skafoidi na lunati ikikatika kabisa ikaachwa, vijifupa hivyo huhama, na miaka ikipita kiungo kinasagika. Kuishona wiki za mwanzo ni rahisi kuliko kuja kuitafuta baada ya mwaka. Hapo "tu" iko wapi?

Msinielewe vibaya. Sisemi kila anayeumwa kifundo apasuliwe. Wengi hupona kwa kifaa cha kushikilia mkono, mapumziko na mazoezi ya viungo. Na ukiwapiga MRI watu wa umri mkubwa, utakuta magegedu yaliyochanika kwa wasioumwa chochote. Kwa hiyo anayetoka kwenye MRI moja kwa moja hadi kwenye kisu ana dhambi ile ile ya daktari wangu: ametibu picha, kamsahau mtu. Kamera nayo ina hatari zake. Neva ya ngozi inayopita upande huo inaweza kuumia, kiungo kinaweza kukakamaa, na baada ya kushonwa kuna miezi ya mazoezi.

Daktari wa pili alibonyeza kwa kidole gumba kile kishimo kilicho chini ya upande wa kidole cha mwisho, nikaruka. Akaniambia nijiinue kwenye kiti kwa viganja, nikashindwa. Dakika mbili, bila mashine yoyote! MRI ikaja kuthibitisha: mchaniko wa pembeni. Kifaa nimevaa, mazoezi nimefanya, maumivu yako pale pale. Sasa nasubiri kushonwa, na bima yangu inasema "si dharura". Kwa nani? Mwandishi, fundi cherehani, kinyozi, mama anayekamua nguo, sote tunakula kwa kifundo hicho.

Ninachodai hakihitaji bajeti. Madaktari, shikeni mkono kabla ya kushika picha. Mpeni mgonjwa tarehe ya kurudi, ili maumivu yakigoma wiki mbili tatu aonwe na mtu wa mikono. Na wewe msomaji, ukiambiwa "umeteguka tu", usiinuke kitini. Uliza: "Umebonyeza wapi, daktari?"

Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Mbovu je? Haya nimeyachapa kwa kushoto, kidole kimoja kimoja.

Nawasilisha.