Wacha Pilau Masala Nairobi

Kila Desemba, na siku hizi hata Pasaka, magari yanateremka kutoka Nairobi kuja Kilifi yakiwa na hema juu na sanduku la jikoni nyuma. Hebu lifungue hilo sanduku. Utakuta mkebe wa pilau masala, mkebe wa chai masala, paketi ya unga wa mchuzi, thomu ya unga, tangawizi ya unga, paprika, oregano ya pizza ambayo hakuna mtu atakayeipika, na chupa ya chumvi ya pinki iliyochimbwa milimani Pakistani ili ije imwagwe juu ya samaki wa Takaungu. Kambi ya siku tatu, mikebe kumi na mbili. Halafu usiku wa kwanza wanakula mkate na mayai, manake hakuna aliyejua aanze na mkebe upi.

Sina ugomvi na hema. Ugomvi wangu ni na ule mkebe wa kwanza, na imani inayosafiri nao: kwamba kupika Kipwani ni kutia viungo vingi. Imani hiyo imeandikwa kwenye menyu za mahoteli, kwenye video za mapishi, na kwenye kila paketi yenye picha ya mlango wa nakshi. Na si kweli.

Ingia nyumba yoyote mtaa wa Shela, Malindi, siku ya kazi. Adhuhuri kuna wali wa nazi: mchele, tui, chumvi. Basi. Samaki wa kukaanga amepakwa chumvi, ndimu, thomu na pilipili. Mchuzi wa nazi una kitunguu, nyanya, pilipili, pengine manjano kidogo, na kitu kichachu, ama ukwaju ama embe mbichi. Asubuhi mbaazi za nazi, na mahamri yenye iliki. Nenda ndani zaidi, vijiji vya Wagiriama, utakuta mboga ya majani imepikwa kwa tui na chumvi, na sima pembeni. Ladha ya pwani hii inasimama juu ya chumvi, uchachu, pilipili na nazi. Hivyo vingine ni wageni wa heshima, vinaitwa kwa mwaliko.

Jira, mdalasini, karafuu, iliki na pilipili manga vikikutana vyote katika sufuria moja, jua kuna shughuli: harusi, Idi, maulidi, hitima. Hiyo ndiyo pilau, na pilau ni ya nyama, ni ya watu wengi, ni ya siku maalum. Ukichukua mchanganyiko huo ukaumwaga juu ya changu aliyetoka majini alfajiri, hujampika Kipwani. Umemvalisha nguo ya harusi ukamtuma dukani.

Najua imani hii ilitoka wapi. Ilitoka kwenye biashara. Karafuu ilipandwa kwa wingi Unguja na Pemba katika karne ya 19, enzi za Seyyid Said, na jina la visiwa vya viungo likatapakaa hadi likameza pwani yote. Lakini karafuu ile haikupandwa ili itiwe kwenye mchuzi wa Mpemba. Ilipandwa iuzwe, na kwa miaka mingi mnunuzi mkubwa alikuwa Indonesia, ambako ilisagwa ikachanganywa na tumbaku ikavutwa kama sigara. Bandari inayopitisha kitu si lazima iwe meza ya kukilia.

Tena tuna ushahidi wa zamani kuliko huo, na ni wa Malindi yenyewe. Aprili 1498 Vasco da Gama alitia nanga hapa. Mmoja wa watu wake aliandika kumbukumbu za safari ile, na ndani yake anasema mfalme wa Malindi alimpelekea nahodha kondoo sita, pamoja na karafuu, jira, tangawizi, kungumanga na pilipili manga. Hesabu mwenyewe: vitano. Mtawala wa mji wa biashara, ambaye bidhaa za Bara Hindi zinashushwa mlangoni kwake, anawafungia viungo vitano wasafiri waliokuwa safarini tangu Julai ya mwaka uliotangulia. Na anavipeleka pamoja na kondoo. Hakuvituma na samaki.

Angalia pia kisichokuwemo. Pilipili kali, hii ya kutoa machozi, haimo. Isingeweza kuwemo, kwa sababu wakati huo ilikuwa bado mmea wa ng'ambo ya Atlantiki, ikaja kuletwa huku baadaye na Wareno hao hao na wenzao. Leo mwambie mtu wa Malindi apike bila pilipili uone atakavyokutazama. Kwa hivyo sitetei ukale hapa, ati turudi kula kama mababu. Ninachosema ni kwamba watu wa pwani walikuwa na uwezo wa kupata kila kiungo duniani, wakachagua. Wewe unakuja na mkebe ambao mtu mwingine amekuchagulia kiwandani.

Na huyo mtu wa kiwandani hakukupendelea. Geuza paketi ya unga wa mchuzi usome nyuma: viungo vinaandikwa kwa uzito, kilicho kingi kikitangulia. Mara nyingi utakuta chumvi na wanga mbele, na jira au dania huko nyuma karibu na rangi. Umenunua chumvi kwa bei ya bizari. Hata zile paketi safi, zisizo na wanga, zina tatizo lao. Harufu ya kiungo ni mafuta yanayoruka hewani, na kiungo kikishasagwa kinaanza kuyapoteza. Kilikaa ghalani, kikakaa dukani, kikakaa kabatini kwako South B tangu Idi iliyopita, sasa kiko ndani ya gari lililoegeshwa juani Bofa. Usiku unyevu wa bahari unaingia, asubuhi unga umeshikana bonge moja. Jira nzima haina shida hizo. Unaikaanga kavu kidogo, unaiponda kwa jiwe, na kambi nzima inajua kuna kitu kinapikwa.

Basi tuchague. Kutoka nyumbani chukua vinne: chumvi, jira nzima, pilipili manga nzima, iliki. Vyote vinaingia kwenye vichupa vya dawa vilivyooshwa vizuri, na havijazi hata mfuko wa kaptula. Jira ni ya maharagwe, kunde, viazi, na nyama kama mtapata mbuzi. Pilipili manga ni ya mayai na supu ya pweza. Iliki ni ya chai, ni ya uji, na ni ya ile siku mtu ataamua kupika mihogo ya nazi na sukari. Mdalasini nimeuacha kwa sababu iliki inatosha kwenye chai. Karafuu nimeiacha kwa sababu kambini lazima mtu ataiuma gizani.

Manjano ndiyo yatakayoleta kelele, najua. Kuna wanaosema samaki bila manjano ni mgonjwa. Mimi nayaacha. Kwenye samaki wa jana yana kazi, lakini wewe uko pwani, samaki wa jana unamtakia nini? Na manjano yakimwagika ndani ya hema, hema hilo ni la manjano hadi siku ya kiyama.

Vilivyobaki havisafiri na wewe. Ndimu, pilipili mbichi, thomu, ukwaju na nazi vinanunuliwa hapa. Hapo ndipo nina hasira kidogo, niseme ukweli. Ukwaju unaouzwa Nairobi ndani ya plastiki kwa bei ya ajabu umeanguka chini ya miti huku Kilifi. Nazi ziko kila kona. Halafu mtu anaingia sokoni na mkebe wa tui la Thailand kwenye begi, ananunua barafu, anaondoka. Amekaa wiki nzima, amelala kwenye mchanga wa watu, ameogelea kwenye maji yao, amepiga picha mibuyu yao, na mama anayeuza ndimu za mafungu pale kando ya barabara hajaona shilingi yake.

Na ukienda kwa mama huyo utarudi na zaidi ya ndimu. Mwambie, "Mama, naomba bizari," atakuuliza, "Bizari gani, mwanangu?" Swali hilo halipo supamaketi. Kuna anayesema bizari akimaanisha unga wa mchuzi, kuna anayemaanisha manjano, na bizari nyembamba ni jira. Sasa itabidi useme unapika nini. Ukisema samaki, huenda akakuambia huhitaji bizari, chukua ukwaju. Amekataa kukuuzia kitu, akakufundisha kupika. Mwulize pia nazi ipi ina tui zito, na kama hamna mbuzi ya kukunia, uliza wapi unaweza kukuniwa hapo hapo. Wala usiogope kuonekana mgeni. Wewe ni mgeni.

Nirudi kwenye chumvi, maana nimeitaja ya kwanza na wengi hawaihesabu hata kuwa kiungo. Sehemu kubwa ya chumvi inayoliwa Kenya inatoka hapa hapa, kaskazini mwa Malindi, kwenye mabwawa ya Gongoni na Marereni. Maji ya bahari yanaingizwa, jua linafanya kazi, chumvi inabaki. Lakini si jua peke yake. Mwaka 2006 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilitoa ripoti ya uchunguzi wake wa hadhara kuhusu uzalishaji wa chumvi Magarini. Wakazi walikuwa wameieleza kuhusu kufukuzwa kwenye ardhi, visima kuingia chumvi, mikoko kukatwa, na hali ya wafanyakazi wa mabwawani. Sikuambii usile chumvi. Nakuambia kwamba kiungo cha kwanza kwenye orodha yako kina wenyewe na kina kesi, na unapoleta ile ya pinki kutoka Pakistani kwa sababu eti ni ya asili, umeruka jambo lililoko mwendo wa saa moja na kitu kutoka hema lako.

Msee wa Nairobi atanijibu: bana, nimeendesha gari tangu saa kumi alfajiri, nataka kitu cha haraka. Sawa. Tuone kipi ni cha haraka. Samaki mmoja mzima mpasue mgongoni, mkate mikato mitatu kila upande. Ponda thomu, pilipili na chumvi kwa jiwe, kamulia ndimu, mpake ndani na nje. Wakati makaa yanashika, ameshaiva kwa ndimu nusu. Mchome. Kama kuna nazi, chemsha tui zito na thomu, pilipili na maji ya ukwaju hadi ligande kidogo, mpake akiwa bado juu ya moto, mgeuze, mpake tena. Huyo ni samaki wa kupaka, na umetumia vitu sita ukihesabu na chumvi. Pilipili ikizidi usihangaike, mafuta ya nazi hupunguza ukali wake, ongeza tui. Nani amefungua mkebe?

Wasiokula samaki nao hawana udhuru. Kunde zilizochemshwa, tui, chumvi, pilipili moja nzima isiyopasuliwa, na kijiko cha jira iliyopondwa mwishoni. Kwa viazi ni hivyo hivyo. Bamia zitie ukwaju, jira usiiguse.

Kitu kimoja kinaweza kukuvuruga: muda. Msimu wa kusi bahari inachafuka, mashua nyingi hazitoki, na samaki anakuwa adimu na ghali. Hapo ndipo watu wanakimbilia mikebe. Usikimbie, badili mboga, manake kunde hazijui kusi. Na ukifika Kilifi saa mbili usiku, ndimu, thomu na pilipili zipo kwenye vibanda vya mtaani hadi usiku, pale pale wanapokaanga viazi karai. Nazi na ukwaju vifuate sokoni asubuhi, kabla jua halijawa kali.