KALAMU YA MKUBWA NA HAKI YA ASKARI

Wako watu wasemao kwamba askari hana haki ya kubishana na mkubwa wake. Akiambiwa simama, husimama. Akiambiwa nenda, huenda. Maneno hayo ni kweli katika gwaride, na ni kweli zaidi penye risasi. Wala sisi hatutaki jeshi la watu wanaopiga kura kabla ya kutii amri. Lakini mkubwa yule yule huketi mezani akaandika juu ya askari wake: huyu anafaa, huyu hafai, huyu apandishwe cheo, huyu arudishwe kwao. Hiyo si amri ya vitani. Hiyo ni hukumu, na sisi hatujapata kusikia hukumu ya halali ambayo aliyehukumiwa haruhusiwi kuisoma wala kuijibu.

Tunawaomba wasomaji wetu watazame habari za Charles Young. Mtu huyu mweusi alizaliwa utumwani huko Kentucky, Marekani, mwaka 1864. Mwaka 1889 alihitimu katika chuo cha maofisa cha West Point, akiwa mtu mweusi wa tatu kufanya hivyo. Mwaka 1916 aliongoza askari wa farasi nchini Mexico katika msako wa Pancho Villa, akapanda hadi cheo cha Luteni Kanali. Marekani ilipoingia katika Vita Kuu mwaka 1917, kila aliyejua kuhesabu aliona kwamba mtu huyu alikuwa njiani kuwa jenerali, na kwamba maofisa wengi Wazungu wangewekwa chini yake.

Hapo kalamu zikaanza kazi. Luteni mmoja Mzungu alilalamika kwamba hawezi kupokea amri za mtu mweusi. Malalamiko yake yakapita kwa Seneta wa Mississippi, yakafika mezani kwa Rais Wilson mwenyewe. Angalieni upesi wa njia hiyo! Wakati huo huo madaktari wa jeshi walimpima Young, wakasema ana shinikizo la damu na maradhi ya figo. Mwezi Julai 1917 akastaafishwa kwa ugonjwa, na akapewa cheo cha Kanali cha kwenda nacho nyumbani.

Tuseme kweli: ugonjwa ulikuwapo, na figo hizo ndizo zilizomwua baadaye. Basi hapa ndipo panapotaka akili, kwa sababu ripoti ya dhuluma mara chache huwa uwongo mtupu. Mwandishi wake huchukua jambo moja la kweli akalikuza mpaka likafunika kazi yote ya mtu, na mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Mwezi Juni 1918 Young alipanda farasi kutoka Wilberforce, Ohio, akaenda mpaka Washington, safari ya maili zipatazo 500, ili wakubwa waone kwa macho yao kwamba nguvu anazo. Hawakumrudisha kazini ila tarehe 6 Novemba 1918, siku tano tu kabla ya bunduki kunyamaza. Kisha, ndugu wasomaji, sikieni ajabu. Mgonjwa huyo huyo alipelekwa Liberia kuwa mwakilishi wa jeshi! Alikuwa mgonjwa wa kuongoza Wazungu Ufaransa, lakini mzima wa kutumwa Afrika Magharibi. Alifariki Lagos tarehe 8 Januari 1922. Cheo cha Brigedia Jenerali alikuja kuvishwa katika sherehe ya West Point mwezi Aprili 2022, amekwisha lala kaburini miaka mia moja.

Watatuambia hayo ni ya kale. Ni kweli kwamba njia zimefunguliwa. Sheria ya mwaka 1946 iliruhusu huko Marekani kuwekwa bodi za raia za kusahihisha kumbukumbu za askari. Bodi ya namna hiyo ndiyo iliyosafisha jina la Henry Flipper mwaka 1976. Huyo alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuhitimu West Point, mwaka 1877, naye alifukuzwa jeshini mwaka 1882. Alikufa mwaka 1940 bila kuona haki yake.

Leo ofisa au sajini wa jeshi hilo anayeona ripoti yake si ya haki ana miaka mitatu ya kukata rufaa, na akishindwa huko anaweza kwenda mbele ya bodi ya raia. Lakini mlango huo si mpana. Ripoti iliyokwisha kuingia katika faili huhesabiwa kuwa sahihi, na mzigo wa kuonyesha kosa, tena kwa ushahidi ulio wazi na wenye nguvu, ni wa mlalamikaji. Wako vijana wa Afrika Mashariki waliovaa sare ya jeshi hilo, nao tunawaambia: wekeni barua zenu, wekeni tarehe, tafuteni maandishi ya watu walioiona kazi yenu katika miezi ile ile inayosemwa na ripoti. Matusi juu ya mkubwa hayatamshtua mtu yeyote katika bodi.

Na sisi huku tusijifanye wageni wa mambo haya. Katika K.A.R. Mwafrika aliyerudi kutoka Burma na nishani kifuani hakupata kuwa sawa na luteni aliyeshuka melini jana. Hata cheo cha Efendi kilipowekwa, kilibaki chini ya kila ofisa wa Kiingereza. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, wakidai mishahara na maofisa Waafrika. Hatuutetei uasi ule, ambao uliifikisha nchi changa mahali pa kuwaita tena askari wa Kiingereza. Lakini malalamiko yale hayakuzaliwa siku ile.

Basi katika jeshi lolote linalojiita la wananchi tunadai mambo haya: askari aisome ripoti yake kabla haijapelekwa juu, aandike maneno yake chini ya maneno ya mkubwa, na atakapokata rufaa, asikilizwe na watu ambao hawakuiandika ripoti ile, wala hawali meza moja na aliyeiandika.