Mpira wa usukani ukipasuka kila mara, kosa si la mpira

Walikale haina ziwa, lakini vita imewafanya watu wake kuwa abiria wa ziwa. Mapigano yalipofunga barabara ya Sake-Minova mwanzoni mwa 2024, familia nyingi zilizokimbia, pamoja na wachuuzi, zililazimika kupita majini kati ya Minova na Goma. Tarehe 3 Oktoba mwaka huo, boti MV Merdi iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, na makumi ya watu wakafa. Waliookoka walisema ilijaa kupita kiasi.

Tangu hapo wengi wanasema juu ya mizigo na jaketi za kuokolea. Ni sawa. Lakini usukani nao unaua, na hausemwi.

Boti ndogo inayoshikwa kwa mkono nyuma haina shida hii. Shida iko kwenye boti zenye moteri kubwa ya ndani, ambazo usukani wake unasaidiwa na pampu ya mafuta, kama malori yanayokwenda Walikale. Mpira unaotoka kwenye pampu unabeba nguvu inayozidi mara 20 ile ya upepo ndani ya tairi la gari dogo. Ukipasuka, usukani unakuwa mzito ghafla, na mafuta yakidondokea moteri ya moto yanaweza kuwaka.

Mpira ukipasuka mara moja, inaweza kuwa uzee. Ukipasuka mara tatu, kuna kitu kinachoumaliza. Fundi anayebadilisha tu na kupokea pesa yake hajatengeneza kitu.

Aangalie kwanza pale ulipopasuka. Ukiwa umekwaruzwa, kuna chuma au mkanda unaougusa: ufungwe mbali. Ukiwa mgumu na wenye nyufa, umekaa karibu na bomba la moshi, au mafuta yanachemka kwa sababu kipoza mafuta kimezibwa na majani na mchanga. Ukiwa umevunjika karibu na nati, ni mfupi mno au umekunjwa sana. Ukiwa umevimba na kulainika, mafuta yaliyotiwa si yake. Mafuta ya breki, kwa mfano, huharibu mpira wa namna hii. Na mpira mzuri ukipasuka bila alama yoyote, valvu ya pampu inayopunguza nguvu inaweza kuwa imekwama, au vyuma vya usukani vimeshika kutu na pampu inasukuma ukuta.

Kosa lingine ni la sokoni: kuweka mpira wa petroli au wa maji kwa sababu ni rahisi. Huo haukutengenezwa kwa kazi hii, hata ukikazwa kwa pete mbili. Nahodha naye asishikilie usukani ukiwa umefika mwisho. Hapo ndipo nguvu inapanda kabisa.

Wenye boti watasema kusimamisha safari ni hasara. Hasara ya siku moja hurudishwa. Mama aliyekimbia Masisi na watoto wanne hawezi kufungua moteri akague. Kwa hiyo chama cha wenye boti na wakaguzi wa bandari wakatae boti iliyobadilisha mpira mara mbili kwa muda mfupi bila sababu kujulikana. Abiria naye ana haki ya kuuliza kabla ya kupanda: usukani ukikatika katikati ya ziwa, mtatuongoza na nini?